Jina la Cheti na Jina la Nyumbani

Mtoto wa wazazi waliotoka Afrika Mashariki anapozaliwa Hamburg, Leicester au Minneapolis, mara nyingi huwa na majina mawili kabla hajatoka arobaini: lililoandikwa kwenye cheti, na lile analoitwa na bibi yake kwenye simu. Nyumbani nako majina huwa mengi, ila huko hufuata taratibu za ukoo, na karani wa usajili ni mtu wa mwisho kuyasikia. Ughaibuni karani ni miongoni mwa watu wa kwanza. Tofauti nyingine karibu zote zinaanzia hapo.

Kwa Waislamu wa mwambao, mtoto huadhiniwa katika sikio la kulia punde anapozaliwa, na jina hutangazwa siku ya saba. Siku hiyo hunyolewa nywele na, kwa mwenye uwezo, huchinjwa akika: mbuzi wawili kwa mvulana, mmoja kwa msichana. Siku zote hizo mtoto hakai bila kuitwa. Nyanya au shangazi huwa tayari amemtaja kwa siku au mwezi aliozaliwa, ndiyo maana Juma, Hamisi, Rajabu, Shabani na Ramadhani wamejaa kila mtaa. Wengine huitwa kwa nafasi zao katika uzazi, kama Mosi, Pili na Tatu, au kwa hali iliyokuwapo, kama Masika, Tabu, Shida na Mashaka. Mwenye kuitwa Shida hahesabiwi kuwa amelaaniwa. Jina lake ni kumbukumbu ya mwaka mgumu ambao familia iliuvuka.

Bara, jina mara nyingi lina mwenyewe kabla mtoto hajazaliwa. Wakikuyu humpa mvulana wa kwanza jina la babu mzaa baba na wa pili la babu mzaa mama, na wasichana hufuata nyanya zao kwa mpangilio huohuo. Wajaluo huangalia saa na hali ya hewa: Otieno ni wa usiku, Omondi wa alfajiri, Okoth wa mvua. Pacha wa Kisukuma ni Kulwa na Doto, na anayewafuata ni Shija, wala hakuna kikao cha kulijadili hilo. Wazazi katika mpango wa namna hii wana sauti ndogo kuliko wanavyodhani wageni. Katika jamii kadhaa, mtoto akilia usiku baada ya usiku bila ugonjwa unaoonekana, wazee husema jina limemkataa, na hutafutwa jingine la mhenga anayeona amesahauliwa. Mwalimu Nyerere aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, miaka mingi kabla ya kubatizwa Julius mwaka 1943.

Majina ya kuitana yanazaliwa kutokana na heshima kwa wazee zaidi kuliko kutokana na utani. Katika jamii nyingi mke hatamki jina la baba mkwe, na kwa Wanyakyusa mwiko huo ni mkali sana. Mtoto akisharithi jina la babu yake, mama hana budi kumwita kwa neno jingine: baba, mzee, babu. Ndivyo anavyopatikana mtoto wa miaka miwili anayeitwa Mzee na nyumba nzima, na kutumwa kijiko kwa jina hilohilo. Aliyerithiwa jina naye huwa somo wa mtoto, na usomo huo una madai yake: nguo ya sikukuu, mbuzi wa kufuga, karipio mtoto akikosea. Wazazi nao hubadilika jina siku mtoto anapopewa lake. Mwanaidi anakuwa Mama Rehema, na baada ya miaka mitano kuna majirani ambao hawakumbuki kama aliwahi kuitwa vingine.

Ughaibuni saa ya jina ni ya serikali. Uingereza na Wales uzazi husajiliwa ndani ya siku 42. Denmark jina hutakiwa ndani ya miezi sita. Marekani haina sheria ya taifa kuhusu majina, kila jimbo lina yake, lakini kwa kawaida fomu ya cheti huletwa wodini, na familia iliyozoea kungoja siku ya saba hujikuta inaulizwa jina siku ya pili. Wenyeji hawashtuki kwa kuwa wao wameshachagua miezi kadhaa kabla, hata wamelichora ukutani mwa chumba cha mtoto. Familia nyingi za nyumbani huona vibaya kumtaja kwa jina asiyezaliwa, achilia mbali kuliandika ukutani.

Ujerumani ndiko karani ana meno. Uzazi huarifiwa ndani ya wiki moja, na jina likikosekana hupewa muda wa mwezi tangu kuzaliwa. Karani anaweza kulikataa jina linaloonekana litamdhuru mtoto. Akikutana na jina asilolijua, huweza kudai uthibitisho kwamba kweli ni jina, na wapo wazazi wanaoomba barua kutoka taasisi ya lugha ya Kijerumani iliyoko Wiesbaden. Hadi mwaka 2008 ilikuwa desturi kudai jina lioneshe jinsia. Mwaka huo Mahakama ya Katiba, katika shauri la msichana aliyepewa jina la Kihindi Kiran, ilisema sheria haina sharti hilo. Uamuzi huo unawafaa sana Waswahili, maana Baraka, Amani na Furaha hawajawahi kuuliza kama aliyezaliwa ni wa kike au wa kiume.

Hata hivyo jina la kwanza ni kazi nyepesi ukililinganisha na la ukoo. Chukua mfano wa baba aitwaye Juma Hamisi Athumani. Tanzania binti yake ataandikwa Rehema Juma Hamisi: lake, la baba, la babu. Kila kizazi mnyororo unasogea pingili moja, na jina la mwisho linaachwa nyuma. Mfumo wa Kijerumani una visanduku viwili, jina na jina la familia, na cha pili hakisogei. Rehema anakuwa Rehema Athumani, yaani amebandikwa jina la baba wa babu yake, ambaye huenda hata Juma hakuwahi kumwona. Wajukuu wa Juma watabaki kina Athumani daima, kana kwamba Athumani ni kabila. Wazanzibari waliohamia Oman waliepuka mkwamo huu, kwani huko mnyororo wa bin na binti umehifadhiwa na mwishoni hutiwa nisba ya kabila, kama al-Harthy au al-Barwani. Ulaya mwenye kuumia zaidi ni mama. Mwanaidi Salum, mama yake Rehema, hakubadili jina alipoolewa, kwa kuwa mwambao hakuna desturi hiyo, na sasa anavuka mpaka na mtoto ambaye pasipoti hazioneshi kuwa ni wake. Maofisa wa mpaka wa Uingereza wanaweza kutaka ushahidi wa uhusiano pale majina ya mtu mzima na mtoto yanapotofautiana, na kwa hiyo mama wa namna hii husafiri na cheti cha kuzaliwa mkobani.

Kwa sababu hizo, wazazi wa ughaibuni hupenda majina yanayopita kokote bila kuchechemea: Amina, Sara, Adam, Yusuf, Maryam. Mengine huachwa kimyakimya. Faki ni jina la heshima Pemba, lakini mwenye kuishi Manchester anajua litakavyopokewa kwenye uwanja wa shule. Ng'ang'a na Nyong'o nao wana balaa lao, kwani mistari inayosomwa kwa mashine kwenye pasipoti huondoa kibainishi, na kilichobaki ni NGANGA na NYONGO, ambalo msomaji wa Kiswahili atalisoma kama maji machungu yatokayo kwenye ini.

Kufupisha majina kuko kila mahali, ila njia hutofautiana. Mwingereza kwa kawaida hushika mwanzo: Samuel huwa Sam, Benjamin huwa Ben. Mswahili mara nyingi hushika mkia, pale sauti inapokazwa: Abdallah ni Dula, Khadija ni Dija, Fatuma ni Tuma. Selemani anayeitwa Sele na Ramadhani anayeitwa Rama wanaonesha kuwa hii si kanuni ya chuma, na Nairobi imeongeza yake kwa kina Jemo, Stevo na Shiko. Mtoto wa ughaibuni huokota vifupisho viwili kutoka jina moja, kimoja cha shule na kimoja cha nyumbani. Barack Obama aliitwa Barry utotoni, kama baba yake Mjaluo alivyojiita alipofika Marekani, na akarudia Barack akiwa chuoni. Mwigizaji Lupita Nyong'o alipata mambo kinyume. Alizaliwa Mexico City mwaka 1983 baba yake akifundisha huko, na wazazi, kwa desturi ya Kijaluo ya kumwita mtoto kwa mazingira ya kuzaliwa kwake, walimpa Lupita, ambalo kwa Wameksiko ni kifupisho cha kudekeza cha Guadalupe. Jina la kudekeza likawa ndilo la cheti, na la pili, Amondi, likabaki la alfajiri.

Jina lililoandikwa vibaya au kwa haraka hurekebishika. Uingereza na Wales jina la kwanza huweza kubadilishwa au kuongezwa kwenye sajili ndani ya miezi 12 tangu kusajiliwa, na mwenye umri wa miaka 16 anaweza kujibadilishia mwenyewe kwa hati ya kisheria. Kenya mabadiliko ya aina hiyo hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Familia zenye busara zilizoko Uingereza hutumia miezi hiyo 12 kuingiza jina la somo kama jina la kati, hasa pale simu ya kutoka nyumbani ilipochelewa na fomu ikawa imeshajazwa.