Nenda Kasigau ukaione vuli

NDUGU msomaji, je, mwanao amewahi kukuuliza vuli ni nini? Wangu aliniuliza. Alikuwa amesoma hadithi ya watoto wa Ulaya wanaocheza katika marundo ya majani ya manjano yaliyopukutika, na mfasiri wa kitabu hicho alikuwa ameyaita majira hayo vuli. "Mbona hapa Nairobi majani hayaanguki wakati wa vuli?" akataka kujua. Sikuwa na jibu la haraka.

Ukweli ni kwamba neno ni moja lakini mambo ni mawili tofauti. Kwetu sisi vuli ni mvua ndogo, ile inayonyesha baina ya Oktoba na Desemba, pepo za kusi zikiwa zimelegea na kaskazi ikianza. Vuli ya Ulaya huvua miti majani. Vuli yetu huivisha. Ikiwa kuna mahali ambapo mtoto wa mjini anaweza kuliona jambo hilo kwa macho yake katika muda wa siku tatu, basi ni Kasigau, katika Taita Taveta. Nami ndiko nilikompeleka wangu akatafute jibu.

Bahati njema ni kwamba majira hayo hukutana na likizo ndefu ya Novemba na Desemba. Badala ya kila mwaka kukimbilia pwani, hebu mwaka huu shuka njiani.

Jinsi ya kufika

Tangu mwaka 2017 safari imekuwa nyepesi. Ukitoka Nairobi au Mombasa panda treni ya SGR, lakini hakikisha ni ile inayosimama katika vituo vya njiani, kisha uteremke Voi. Kwa barabara, Voi ni kama kilomita 330 kutoka Nairobi na kama 160 kutoka Mombasa. Kutoka Voi utafuata barabara kuu ya Mombasa kama kilomita 30 hadi mji mdogo wa Maungu. Hapo ndipo unapokata kulia na kuiaga lami. Zimebaki kilomita thelathini na kitu za barabara ya vumbi jekundu hadi Rukanga, kijiji kikubwa kilicho chini ya mlima.

Matatu za kwenda huko ni chache, na hungoja zijae. Kwa hivyo fika mapema. Usithubutu kuianza njia hiyo jua likizama, kwani unapita katika ardhi ya ndovu. Mashamba makubwa ya mifugo yaliyoko hapa, Rukinga likiwa mojawapo, yameziunganisha mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na wanyama huvuka kutoka moja hadi nyingine wapendavyo. Huenda umelisikia jina la Kasigau katika habari za biashara ya kaboni. Ni msitu huu huu wa miiba unaouona dirishani. Mwaka 2011 mradi wa kuuhifadhi ulianza kupata hati za kuuza kaboni kwa kuacha miti isikatwe.

Nyika iliyovua nguo

Ukifika kabla ya mvua, mwishoni mwa Oktoba, usivunjike moyo. Utakachokiona ni kijivu kitupu. Migunga haina jani. Mibuyu imesimama kama wazee waliovua kanzu. Miti ya jamii ya manemane, ambayo imejaa kila upande, imebaki vijiti na miiba.

Hapo mwambie mwanao ashuke, aishike miti. Haya ndiyo majani kuanguka aliyoyasoma katika kitabu, ila hapa hayakuangushwa na baridi. Masika yakiisha, kuanzia Juni hivi, ardhi hukauka, na mti hutupa majani ili usipoteze maji. Ni kama mwenye nyumba anayefunga duka mapema asije akala mtaji. Mwonyeshe gamba la mmanemane linavyobambuka kama karatasi. Chini yake utaona rangi ya kijani. Mti haukufa. Unajitengenezea chakula kidogo kwa ngozi yake huku ukingoja.

Kisha mvua hunyesha. Ndugu msomaji, sijui nikueleze vipi. Ikinyesha vizuri, katika juma moja tu nyika nzima hugeuka. Majani hutoka hata kabla hujajua ni mti gani. Maua meupe hutandaa ardhini pande zote za njia. Kumbikumbi hutoka kwa maelfu jioni, na watoto wa kijiji huwakimbilia wakicheka. Wa kwako nao watasahau simu zenu huko ndani ya begi.

Angalia juu pia. Mbayuwayu wanaopita kwa kasi juu ya mashamba wametoka mbali. Wengi wao wameikimbia vuli ya Ulaya, wakaja kuila vuli yetu, maana mvua huleta wadudu. Kule Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, wataalamu na watu wa kujitolea wamekuwa wakiwakamata ndege wahamiaji na kuwavisha pete miguuni tangu mwaka 1969, katika usiku wa ukungu wa Novemba na Desemba, kisha huwaachilia waendelee na safari. Kwa hivyo mwanangu alipata jibu lake: vuli hizo mbili si ndugu, lakini zina wageni mamoja.

Mlima unaokamua mawingu

Katikati ya nyika hiyo tambarare mlima Kasigau umechomoza peke yake, kimo chake kikiwa zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Ni ndugu wa vilima vya Dabida na Sagalla, na wa safu ya milima ya zamani sana inayoendelea hadi Upare na Usambara katika Tanzania. Ukuta wake wa mawe utakufanya urudi nyuma hatua mbili ili uone kilele.

Kuupanda na kushuka ni kazi ya karibu siku nzima, na lazima uwe na kijana wa kijiji wa kukuongoza. Unaanza katika joto la vichaka. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa ya baridi, miti inarefuka, na mwisho unajikuta katika msitu wenye kuvumwani na madimbwi ya ukungu. Mashati hulowa ingawa mvua hainyeshi. Huko juu majani hayapukutiki kiangazi wala kipupwe, kwa sababu msitu huyakamata mawingu yanayosukumwa na upepo kutoka Bahari ya Hindi, ukayakamua matone. Matone hayo ndiyo chemchemi, na chemchemi ndiyo mabomba ya vijijini: Rukanga, Jora, Bungule, Makwasinyi na Kiteghe. Mtoto aliyezoea kufungua mfereji nyumbani bila kuwaza atayaona hapa maji yanapozaliwa.

Si wote watafika kileleni. Mimi mwenyewe nilipofika nusu magoti yalikataa, nikaketi juu ya jiwe na kuwangoja. Sikujuta. Kutoka pale unaiona nyika yote hadi upande wa Tanzania.

Waliokwenda na kurudi

Ukiwa umeketi hapo, wasimulie watoto kisa hiki, maana hawatakipata kwa urahisi katika vitabu vyao.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, Waingereza walikuwa wakitawala upande huu na Wajerumani upande wa Tanganyika. Askari wa Kijerumani walivuka nyika ili kuilipua reli ya Mombasa, na Kasigau ilikuwa njiani mwao. Mwaka 1915 Waingereza waliwashuku Wakasigau kwamba wanamsaidia adui. Wakazichoma nyumba zao na kuwahamisha watu wote, wazee kwa watoto, hadi Malindi. Desemba mwaka uo huo Wajerumani wakauteka mlima uliobaki bila wenyewe.

Huko Malindi watu wa mlimani walikutana na joto, njaa na malaria wasiyoizoea. Wengi walikufa. Waliosalia hawakuruhusiwa kurejea kwao hadi miaka ya 1930. Fikiria, msomaji: mtoto aliyebebwa mgongoni wakati wa kuondoka alirudi akiwa mtu mzima mwenye watoto wake, akaoneshwa mlima aliousikia kwa masimulizi tu.

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nami nilipoviona vijiji hivyo vilivyouzunguka mlima, kila kimoja na chemchemi yake, nilielewa walichokuwa wakikitamani kule ugenini. Ni maji yasiyokauka.

Kupanda mbegu katika vumbi

Hata hivyo chemchemi huwatosha watu na mbuzi, hazitoshi mashamba. Mashamba hutegemea mvua, na katika nyika hii mvua ya vuli ndiyo ya kutumainiwa kuliko ya masika. Ndiyo maana sikushauri ukae tu katika kivuli ukipiga picha. Omba jembe.

Mwishoni mwa Oktoba wenyeji husafisha mashamba. Kisha wengi hupanda kabla ya mvua, katika ardhi kavu kabisa, ili tone la kwanza lisipotee bure. Mahindi, kunde, pojo na mbaazi huingia katika vumbi. Mama aliyetupokea alimpa binti yangu kiganja cha pojo na kumwonyesha namna ya kudondosha mbegu mbilimbili na kuzifunika kwa unyayo. "Na mvua isiponyesha, bibi?" mtoto akauliza. "Basi tumewalisha panya, mjukuu wangu," akajibu, akaendelea na mstari wake.

Ulikuwa mzaha, lakini si mzaha. Kuanzia vuli ya mwaka 2020 misimu mitano ya mvua ilifuatana ikiwa haba katika sehemu nyingi kame za Kenya. Serikali ilitangaza kwamba ndovu 205 walikufa nchini kati ya Februari na Oktoba mwaka 2022, na Tsavo ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia. Kisha vuli ya mwaka 2023 ikaja na El Nino, maji yakapita kiasi. Mwenye kupanda hapa hucheza na mambo hayo yote mawili.

Hata mvua ikiwa njema, kuna ndovu. Hunusa mahindi mabichi, na kwa usiku mmoja humaliza kazi ya miezi mitatu. Wenyeji hukesha wakigonga madebe na kumulika kurunzi. Wengine wamezungushia mashamba nyaya zilizotundikwa vipande vya mabati vinavyong'aa na kugongana kwa upepo, na wengine vitambaa vilivyolowekwa pilipili. Mtalii humwona ndovu kwa furaha. Mkulima humwona kwa jicho jingine. Ni vizuri watoto wetu wawasikie wote wawili.

Saa za joto kali, mambo hupoa chini ya miti. Hapo akina mama husuka vikapu vya mkonge, kamba zikisokotwa kwa mkono juu ya paja. Kikapu kimoja huweza kuchukua siku nyingi, kwa hivyo usibishane bei kana kwamba uko sokoni. Nunua, maana mwaka wa mvua mbaya kikapu ndicho shamba. Na ukikaribishwa kimanga, ule mchanganyiko wa muhogo au ndizi na maharagwe uliopondwa ukalainika, usikatae. Chakula hicho ni fahari ya Wataita.

Kabla hujafunga safari

Vijiji vya Kasigau vimewahi kuwa na mabanda ya wageni yanayosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Ulizia mapema ni yapi yaliyo wazi, na ujue kwamba hakuna anasa: kitanda, chandarua, maji ya mlimani na nyota nyingi. Chukua viatu vya kufunga, kofia, sweta ya kule juu, kurunzi na dawa ya mbu. Mvua ikinyesha, makorongo hufurika na barabara huwa tope, basi acha siku moja ya akiba. Usitembee nje ya kijiji usiku. Na usimpige mtu picha kabla hujamwomba ruhusa na kumwamkia. Shikamoo kwa mzee hufungua milango mingi kuliko pesa.

Sisi tuliondoka siku ya nne alfajiri. Mvua ilikuwa haijanyesha. Nyika ilikuwa ya kijivu kama tulivyoikuta, na mistari ile ya pojo ilikuwa imelala chini ya vumbi. Njiani binti yangu hakusema mengi.

Juma lililofuata, tukiwa nyumbani, mawingu yalitanda na mvua ikaanza kupiga mabati ya jirani. Watoto wa mtaani walikimbilia ndani. Yeye alikuja jikoni mbio akiwa na simu yangu mkononi. "Mpigie bibi wa Kasigau," akaniambia. "Muulize kama na kwao inanyesha."

Ilikuwa inanyesha.