Bango la Sinema na Kumbukumbu ya Taifa

Kila taifa huhifadhi ngoma zake, vyombo vyake na hotuba za viongozi wake. Lakini bango la sinema aghalabu huhesabiwa kuwa karatasi ya kubandikwa leo na kubanduliwa kesho. Katika makala hii twataka kulitetea bango hilo, hasa lile lichapwalo kwa mkono, kwa idadi maalumu, filamu ya zamani inapoonyeshwa upya.

Sisi tuliokulia Bariadi katika miaka ya 1980, wilaya hiyo ilipokuwa bado chini ya mkoa wa Shinyanga (mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012), twalikumbuka gari la sinema. Mbiu ilipigwa kwa kipaza sauti. Jioni kiwanja kikajaa wazee wenye vigoda na akina mama wenye watoto mgongoni. Asubuhi yake hapakusalia kitu ila nyayo vumbini. Leo wanafunzi wengi hawalijui hata jina la Fimbo ya Mnyonge, filamu iliyotolewa mwaka 1976 na Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa mwaka 1968. Sauti ya kipaza sauti ilipita na upepo. Laiti pangekuwa na bango, lingesema mpaka leo.

Wenzetu wametutangulia. Nchini Ghana, tangu miaka ya 1980, waonyesha video waliozunguka vijijini na jenereta walichorewa mabango kwa rangi juu ya magunia ya unga yaliyoshonwa pamoja. Mengi yake yalinunuliwa baadaye na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani. Huko Austin, Marekani, kampuni ya Mondo ilijipatia sifa kwa kuchapa mabango ya filamu za zamani kwa idadi ndogo, na wapenzi wa sinema wakayagombania.

Ufundi wenyewe si mgeni kwa mtu aliyepata kuona ngoma ikiwambwa. Kitambaa chembamba chenye vitundu huwambwa juu ya fremu ya mbao, kikapakwa dawa inayogandishwa na mwanga. Mahali palipokingwa na mchoro dawa haigandi, huoshwa kwa maji. Hapo ndipo wino hupenya unaposukumwa kwa kibao chenye ncha ya mpira. Kila rangi yataka fremu yake, na karatasi lazima ikae mahali pale pale kila mara. Ndiyo maana msanii hodari hutumia rangi chache, na weupe wa karatasi nao akauhesabu kuwa rangi.

Ubunifu nao wataka wazo moja tu. Kwa Fimbo ya Mnyonge, iliyohimiza maisha ya ujamaa, tungechora fimbo moja iliyosimama wima. Mtazamaji akisogea karibu, agundue kuwa imeumbwa kwa watu waliosimama bega kwa bega. Rangi mbili zingetosha: nyeusi, na ile ya udongo wa kwetu. Maandishi yawe makubwa, yasomeke kutoka ng'ambo ya barabara.

Baada ya kuchapa, kila nakala huandikwa namba kwa penseli: 7/50 maana yake ni nakala ya saba kati ya hamsini. Hapa yafaa tujiulize: je, uchache huu si mlango wa kuuzia matajiri kumbukumbu ya umma? Hatari hiyo ipo, na mabango ya Ghana ni funzo. Basi nakala ya kwanza iwe ya shule, ya pili ya maktaba, ya tatu ibaki katika kijiji kilichoonyeshwa filamu. Zilizosalia ndizo ziuzwe, zinunue wino wa bango lijalo. Sisi watumishi wa ofisi twajua kwamba jalada lenye namba huweza kutafutwa. Lisilo namba hupotea bila mtu kuuliza.

Karatasi bora za kazi hii hutengenezwa kwa nyuzi za pamba, nasi watu wa Simiyu ni wakulima wa pamba. Enyi walimu na wanafunzi, fremu ni mbao nne tu. Tafuteni filamu moja ya zamani ya nchi yetu, ionyesheni shuleni, na bango lake lichapeni wenyewe.