Maneno Yaliyoshikwa Moyoni

Katika usharika wetu yupo mzee wa kanisa ambaye kiharusi kilimwondolea usemi. Ukimwamkia, midomo inahangaika na neno halitoki. Lakini anzisha wimbo wa kitabuni, ataimba beti zote. Na Baba Yetu huisema mpaka Amina. Washarika wengine waliniuliza kama hayo ni maombi kweli, au ni mdomo tu unaokwenda wenyewe. Nyumbani nako likazuka neno chungu zaidi: "Kuimba anaweza, kuomba maji hataki?"

Kwa ajili ya maswali hayo nilianza kusoma tafiti za tiba ya usemi na lugha. Ugonjwa wenyewe huitwa afasia. Mwaka 1745 Olof Dalin wa Uswidi, nchi ya Walutheri, aliandika habari za mtu aliyebakiwa na neno "ndiyo" tu, lakini akiimba nyimbo za kanisani alizozijua kabla ya kuugua, maneno yalitoka wazi. Mwaka 1973 wataalamu wa Boston, Marekani, walieleza tiba ya kumwimbisha mgonjwa sentensi fupi huku mkono wake wa kushoto ukigonga kila silabi. Baadaye wimbo hupunguzwa polepole, ibaki sauti ya kusema.

Leipzig tunaijua, maana misheni ya huko ndiyo iliyotuma watu Kilimanjaro mwaka 1893. Mwaka 2011 Benjamin Stahl, mtafiti wa mji huo, na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 17. Waliona kwamba sauti ya wimbo peke yake haikusaidia kuliko mdundo, na kwamba maneno yaliyozoeleka yalitamkwa kwa urahisi zaidi. Nilisononeka kidogo, sisi Walutheri tungependa muziki upewe sifa yote!

Basi familia niliwaambia hivi: maneno ya moyoni yana njia yake, na sentensi mpya ina njia nyingine. Njia hii ya pili ndiyo iliyoharibika. Si kiburi.

Kuhusu maombi, sioni shida. Nani kati yetu huitunga Baba Yetu upya kila Jumapili? Mzee anaelewa anaposemeshwa, na hutoa machozi mahali panapostahili. Nikimpelekea Meza ya Bwana, namwuliza maswali ya kujibiwa kwa kichwa. Mkewe naye amebandika ukutani picha ya kikombe, ya kitanda na ya redio, na mzee huonyesha kwa kidole.