Hawezi, Hajambo

Anayejifunza Kiingereza hufundishwa mapema viambishi vya kukanusha: un-, in-, dis-, a-. Huambiwa vyote ni "si" au "bila", na somo likaishia hapo. Mimi vinanigusa kwa sababu ya pale vinapojaa zaidi, kwenye cheti cha mgonjwa.

Neno "disease" Waingereza walilipata kwa Kifaransa cha zamani, na mwanzoni lilikuwa na maana ya kukosa raha tu. "Anaemia" ni Kigiriki, "bila damu", ingawa mgonjwa anayo damu, ila imepungua. Maneno haya hukanusha hali fulani ya mwili. Mwenye mwili humwacha alivyo.

"Invalid" halimwachi. Kwa Kilatini lilimaanisha asiye na nguvu. Kwa Kiingereza likawa neno la hati isiyo halali, na pia la mtu aliyedhoofishwa na maradhi au vita. Katika kusema, mkazo huyatofautisha: kwa mtu huangukia silabi ya kwanza, kwa hati ya pili. Katika kuandika, pasipoti iliyokwisha muda na askari aliyepoteza mguu huitwa kwa herufi zilezile. Hadi 1995 malipo ya serikali ya Uingereza kwa wagonjwa wa muda mrefu yaliitwa Invalidity Benefit. Yalipobadilishwa yakaitwa Incapacity Benefit, na ile "in-" ikabaki palepale.

Nasi hatujasalimika. Sheria ya Tanzania ya 2010 inasema "watu wenye ulemavu", mtu akitangulia, lakini kwenye matangazo ya misaada bado tunasikia "wasiojiweza". Nimeuguza nyumbani, nikamsikia mgeni akinong'ona mlangoni, "Huyu si mtu tena." Mgonjwa alikuwa macho, na masikio yake yalikuwa mazima. Sijui ukanusho mkatili kuliko huo.

Ndiyo maana nayapenda maneno ya wazee wa pwani. Mtu akiugua, husema "hawezi". Akipata nafuu, husema "hajambo". Yote mawili ni makanusho, lakini husema hali ya wakati huo tu: hawezi leo, jana aliweza, na kesho huenda akawa hajambo. Hakuna aliyegeuzwa kuwa ugonjwa wake. Anayemhudumia mgonjwa miezi mingi anajua uzito wa jambo hilo, maana kuchoka humfanya aione hali ya leo kuwa ndiyo mtu mwenyewe.

Na majibu ya maabara nayo yana fumbo lake. Mtu hupima virusi vya UKIMWI, akaambiwa "negative", akashikwa na hofu, kwani kila mahali pengine neno hilo huleta habari mbaya. Anayetoa majibu na aseme sentensi nzima kwa Kiswahili: tulitafuta nini, tumekiona au hatukukiona, na urudi lini kupima tena.