Kila Msukumo Una Jibu Lake



Watoto wa pwani huijua kanuni hii kwa nyayo zao kabla ya kuisoma kitabuni. Mwaka 1687 Mwingereza Isaac Newton aliiandika kuwa ya tatu katika kanuni zake za mwendo: kitu kikikisukuma kingine, nacho husukumwa kwa nguvu iyo hiyo, kuelekea upande wa pili. Mvuvi huisukuma ardhi nyuma kwa upondo. Ardhi humrudishia msukumo, naye na chombo chake wakaenda mbele.

Binti mmoja katika darasa letu la jioni alituuliza: "Maalim, ikiwa nguvu mbili ni sawa na zapingana, mbona hazifutani, kila kitu kikasimama?" Swali hilo lilitufurahisha, kwani ndilo fundo lenyewe. Jawabu ni kwamba nguvu hizo haziangukii kitu kimoja. Moja huipata ardhi, na ya pili humpata mvuvi. Za kufutana ni zile zikutanazo juu ya kitu kimoja. Na ardhi hatuioni ikisogea kwa sababu ya ukubwa wake.

Lakini hori si ardhi. Mtoto wa kilo 30 akiruka gatini kutoka hori tupu la kilo 60, tukiweka kando uzito wa maji yanayolizuia, hori hurudi nyuma kwa nusu ya kasi yake yeye. Mruko alioupima kwa jicho akiwa amesimama huwa mfupi, maana sehemu ya juhudi yake imeliendea hori. Huanguka baina ya hori na mawe ya gati, na wimbi likilirudisha hori, humbana papo hapo.

Kwa hiyo kamba ifungwe kwanza, tena ikazwe. Kamba iliyokazwa huliunganisha hori na gati, na gati imeshikana na ardhi. Hapo hori halikimbii chini ya mguu. Kisha mtoto ashikwe mkono, akanyage taratibu, asiruke.

Akina mama na akina baba, tusitosheke na kumwambia mtoto "usiruke" tu. Tumweleze sababu. Katazo tupu husahaulika pindi mzazi anapogeuza uso. Sababu aliyoifahamu huenda naye hata siku ambayo hatupo gatini.