Nilimvalisha Anti Yangu Vibaya, na Alilala Njaa

Mwaka jana nilifanya Anti yangu alale njaa ndani ya meli ambayo chakula hakiishi. Sikumwibia wala sikumpoteza njia. Nilimchagulia gauni tu.

Wacha nianze mwanzo.

Anti ni mdogo wa mathe. Anaishi Birmingham, huko Uingereza, na kazi yake ni kutunza wazee. Kuwaogesha, kuwapa dawa, kukaa nao usiku. Amefanya hiyo kazi miaka mingi, na pesa yake imejenga karibu kila kitu kwetu, kuanzia paa la nyumba ya shosho hadi karo yangu ya chuo. Ndiyo, karo ile ya chuo ambacho niliacha mwaka wa pili. Hii sehemu mnaijua, nimeshaiongelea. Nisichowahi kuongelea ni kwamba Anti hakuwahi kunigombeza. Alisema tu, "Sawa mwanangu, basi hiyo kazi yako ya simu uifanye vizuri." Manze, heri angenigombeza.

Sasa Anti akafikisha miaka 60. Wenzake wawili wa kazini wakamwambia wajipe zawadi: siku saba kwa meli ya kitalii, kutoka Southampton hadi Norwe na kurudi. Akalipa polepole mwaka mzima. Halafu kampuni ikamtumia maelezo, na ndani kulikuwa na sehemu ya mavazi. Usiku mbili kati ya zile saba zingekuwa rasmi. Wanaume suti nyeusi au taksido, wanawake gauni la jioni.

Akanipigia. Hakuuliza "nivae nini." Aliuliza, "Nivae kiasi gani?" Nikacheka, nikamwambia Anti hakuna kiasi, ni kuua tu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sitaki kuonekana mshamba. Na sitaki mtu afikirie nimekuja kuosha vyombo."

Hiyo sentensi ya pili ndiyo ilikuwa swali lenyewe. Aliwahi kualikwa harusi huko, amevaa vizuri kabisa, na mama mmoja akampa koti lake akalitundike. Anti akalitundika. Alinisimulia hiyo stori akicheka, na mimi pia nikacheka, nikasonga mbele. Kumbe alikuwa ananiambia anaogopa.

Mimi nilichosikia ni kontenti. Mnajua kazi yangu: naingia Gikomba na elfu mbili, natoka na luku ya elfu ishirini. Sasa fikiria, mtumba wa Gikomba unarudi Ulaya, unapanda meli, unakaa meza moja na mataksido. Hata kabla hajakata simu nilikuwa na kapsheni kichwani. Na ukweli mwingine ni kwamba nilitaka aone hii kazi yangu ni kazi. Karo haikuzaa digrii, basi izae gauni.

Nikaamka saa kumi alfajiri nikapate kamera, yaani zile nguo za kwanza kabisa bale linapofunguliwa. Nikapata gauni la kijani, refu hadi sakafuni, sikwini kutoka kifuani hadi chini. 3,500. Lilikuwa dogo kidogo, nikajiambia Anti atajikaza. Fundi akaongeza kitambaa ubavuni, 1,200. Nikatafuta na viatu vya kisigino kirefu. Nikampa mtu aliyekuwa anasafiri, gauni likafika.

Sikumuuliza kama anaweza kukaa nalo saa tatu. Sikumuuliza mara ya mwisho kuvaa kisigino ilikuwa lini. Mtu anasimama zamu ya saa kumi na mbili na viatu vya raba, mimi namtumia kisigino.

Usiku wa kwanza rasmi ulikuwa siku ya pili ya safari, meli ikiwa katikati ya bahari. Saa tatu usiku ya kwetu nikapata picha. Jamani, alikuwa malkia. Wapiga picha wa meli huweka mapazia na taa karibu na ukumbi wa chakula, watu wanapanga foleni wakipita, na yeye alikuwa amesimama pale mkono kiunoni. Alishanipa ruhusa, nikaipandisha usiku huohuo. Ikapaa. Nililala nikihesabu watazamaji.

Sikujua kwamba wakati mnaandika "Anti ameua," Anti alikuwa ameketi kitandani bila viatu, anakula biskuti alizobeba kutoka nyumbani.

Aliniambia siku mbili baadaye, na ilibidi nimbane. Meli ilikuwa inayumba kidogo, kitu ambacho ukiwa na raba hata husikii, lakini kwa kisigino alitembea ameshika ukuta. Gauni lilimkaba. "Supu ilikuja," akasema, "nikaogopa kuinama." Akala vijiko viwili. Wenzake wakaenda kucheza muziki, yeye akasema kichwa kinauma. Na hapo kwenye korido, akatamani kupita pale bafe achukue hata mkate, lakini akaona aibu kusimama na sahani akiwa ameng'aa kama mti wa Krismasi.

"Lakini picha ilikuwa nzuri," akaniambia. Ananifariji mimi. Mnaelewa?

Nikampigia binamu yangu wa Mombasa. Huyu alikuwa weita kwa hizi meli miaka mitatu, na ndiye nilipaswa kumpigia kabla ya kukanyaga Gikomba. Nikamuuliza, nyinyi mliokuwa mnabeba sahani, mlikuwa mnaangalia nini? Akacheka. Akasema mlangoni kuna vitu vichache tu vya kukurudisha: kaptura, ndala, vesti, nguo ya kuogelea. "Sijawahi kuona mtu amerudishwa ati gauni lake halimetimeti." Akasema ukumbi mmoja una bwana wa taksido kamili, na meza inayofuata kuna mzee na shati jeupe na tai aliyonunuliwa na wajukuu, na wote wanaletewa nyama ileile. Asiyetaka kuvaa kabisa anaenda bafe, anakula kwa amani. Akaniambia pia kitu ambacho sikukipenda: "Sisi tulikuwa tunawajua wale waliovalishwa. Wanavuta nguo usiku mzima."

Waliovalishwa. Haya.

Baada ya hapo ndiyo nikasoma kama mtu mzima. Kumbe hata hizo kampuni zenyewe hazikubaliani. Cunard, wale wenye Queen Mary 2, bado wanashikilia usiku wao wa gala, suti nyeusi na taksido jioni. Norwegian walianza mambo ya kula unavyotaka na kuvaa unavyotaka tangu mwaka 2000. Celebrity waliondoa neno "rasmi" 2015, wakaweka kitu laini zaidi. Virgin Voyages hawana usiku rasmi kabisa, wana usiku mmoja wa kuvaa nyekundu. Kwa hivyo "rasmi" si sheria ya bahari. Kila kampuni inakuuzia aina yake ya jioni, na kazi yako ni kusoma yako inasema nini.

Nikarudi kusoma ya Anti, lile karatasi alilonitumia miezi mitatu kabla. Chini ya taksido na gauni la jioni kulikuwa na mstari mmoja ambao niliuruka: vazi rasmi la taifa lako linakubaliwa.

Nikatulia hapo. Kwa sababu katika ile simu Anti alikuwa ameniuliza kwa sauti ndogo, "Kuna ile ya kitenge niliyoshonewa Kenyatta Market, nimeibeba. Au hiyo ni ya kanisa?" Na mimi, mtu wa mitindo, nilikuwa nimesema, "Aaah Anti, hiyo weka ya mchana."

Sasa jiulize nilitoa wapi hiyo. Nani aliniambia kitenge ni cha mchana na sikwini ya mzungu aliyeitupa ndiyo ya usiku? Sitasingizia ukoloni tu nikaenda zangu, kwa sababu sisi wenyewe bado hatujaamua. Mwaka 2004 kulikuwa na shindano kubwa hapa Kenya la kutafuta vazi la taifa. Nguo zikachorwa, zikaonyeshwa, na leo uliza mtu yeyote kwa matatu vazi letu la taifa ni gani, atakuambia ni jezi. Novemba 2023, Spika Moses Wetang'ula akapiga marufuku suti za Kaunda bungeni, wakati Rais mwenyewe alikuwa anazivaa kila mahali. Kwa hivyo meli ya Uingereza inakubali vazi la taifa, na Bunge la Nairobi linataka tai. Mimi mtoto wa Eastlands ningejuaje?

Nikampigia tena. Nikamwambia, Anti, vaa ile yako. Kama viatu ni vya chini, vaa vya chini, gauni ni refu hakuna atakayeona. Akauliza, "Una uhakika?" Nikamwambia imeandikwa, nikamsomea ule mstari.

Usiku wa pili alivaa kitenge chake. Huko ndani wanawasha kipupwe kama jokofu, basi akatoa leso kwa begi akajitupia mabegani. Akala kila kitu kilicholetwa, hadi ile jibini ya mwisho ambayo alisema inanuka kama soksi. Akacheza muziki. Akalala saa saba.

Najua mnangoja niseme ukumbi mzima ulisimama ukapiga makofi. Hapana. Mama mmoja wa meza ya jirani alisifu rangi, basi. Na akitoka, mwanaume fulani akamsimamisha akamuuliza choo kiko wapi. Nilipuliza pumzi niliposikia hiyo. Nikamuuliza, alidhani wewe ni mfanyakazi? Anti akasema, "Sijui. Nilimwonyesha. Hata mimi nilikuwa nimemuuliza mtu."

Hiyo ndiyo imenikaa. Kwa sababu nilimnunulia gauni la sikwini ili hilo swali lisiwahi kuulizwa, na hakuna gauni duniani la kufanya hiyo kazi. Mtu akitaka kukupa koti lake utundike, atakupa hata ukiwa na almasi. Nguo haiwezi kukulinda na macho ya watu wote. Kuibebesha huo mzigo ndiyo inafanya ikukabe.

Na tafadhali, mtu asiondoke hapa akisema nimeshauri twende na jinzi. Watu wengine wanaweza kuingia ukumbini na jinzi na ikaitwa kujiamini. Mtu wa umri wa Anti, wa rangi ya Anti, anajua kwake itaitwa jina lingine, na hajakosea. Halafu kuvaa ni heshima pia. Wale watu wa meza yako wamepiga pasi, mpishi amejituma, wewe unakuja kama umetumwa maziwa? Usiku rasmi ni mzuri. Ni sherehe, na sherehe inataka ujiandae.

Swali ni kiasi, kama alivyouliza mwenyewe mwanzo. Na kipimo changu siku hizi ni hiki, kwa meli, harusi au chakula cha jioni cha kampuni. Soma kwanza walichoandika, hadi mstari wa mwisho. Timiza hicho, kisha ukae. Kaa kabisa, kwa kiti, na nguo ikiwa mwilini. Inama kama unakunywa supu. Panda ngazi. Inua mkono kama unacheza. Kama umepita, hiyo ndiyo nguo yako, hata kama kwa picha haiui. Kama unajishika-shika, rudisha, hata kama ni kamera ya Gikomba na imefika kwa ndege.

Na kama unamvalisha mtu mwingine, muulize anaogopa nini kabla ya kumuuliza saizi.

Picha ya usiku wa pili iko, ilipigwa na mwenzake, imetikisika na nusu ya uso haionekani kwa sababu anacheka. Nilimuomba niipandishe akakataa. Akasema hiyo ni ya nyumbani. Mathe ameichapisha, iko ukutani sebuleni, karibu na ile ya shosho.

Gauni la kijani linarudi Desemba na mtu anayesafiri. Anti amesema niliuze, hizo pesa ninunue chakula.