Mlio wa Kona za Soni

Ukitoka Tanga kwa barabara ya Arusha utafika Mombo, mji mdogo wa tambarare wenye joto na vumbi, na mbele yako Milima ya Usambara imesimama kama ukuta. Lushoto iko juu huko, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, nao mwendo ni kilometa 33 hivi tu. Barabara ina lami, lakini ni nyembamba na haijui kunyooka: huku mwamba, huku bonde. Utapita maporomoko ya maji ya Soni, kisha njia panda ya Bumbuli. Tazama uzuri huo upendavyo, ila masikio nayo yawe kazini.

Maana wengi hupanda kwa motokaa ndogo za zamani zivutwazo na magurudumu ya mbele, kama ile Toyota Starlet ya Japani iliyokoma kutengenezwa huko mwaka 1999. Ukichungulia chini yake utaona vyuma viwili vitokavyo kwenye gia boksi, kimoja kwa kila gurudumu la mbele. Mafundi huviita shafti. Kazi yake ni nzito: izungushe gurudumu, na papo hapo ikubali gurudumu lipinde kona na kuruka mashimo. Kwa hiyo kila ncha ina kiungo, mfano wa goti la mtu. Kile cha nje kwa kawaida kina gololi sita ndani ya kikombe cha chuma, zimelowa grisi, na juu yake mfuko wa mpira wenye mikunjo. Mhandisi Alfred Rzeppa alikibuni Marekani katika miaka ya 1920, na Waingereza walipotoa Mini yao mwaka 1959, kiungo cha namna hiyo kilikuwamo.

Basi, kinachokufa kwanza si chuma, ni mpira. Hupasuka kwenye mkunjo, grisi ikarushwa nje; utaiona nyeusi, imetapakaa upande wa ndani wa gurudumu. Vumbi la Mombo na matope ya masika huingia, nazo gololi husagika. Ndipo huanza mlio: ta-ta-ta-ta, kila usukani ukatwapo sana. Katika barabara iliyonyooka huenda usiusikie kabisa. Kwenye kona za Soni utausikia, kwa kuwa pale gurudumu limepinda, abiria wamejaa na injini inavuta kwa nguvu zake zote. Madereva wengine huongeza sauti ya redio, nayo ni dawa mbaya sana.

Tuseme sasa shafti imekatika mlimani. Injini itanguruma, motokaa isiende, maana nguvu yote hukimbilia upande uliokatika. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba gia haishiki tena: ukiiacha katika gia ya kwanza, au katika P kwa motokaa isiyo na klachi, itarudi nyuma vilevile. Hata wakati wa kushuka, gia ndogo haitaizuia, ni kama imetolewa gia. Limebaki breki ya mguu, breki ya mkono, na jiwe. Kwa hiyo, wewe uliyekaa nyuma na watoto, motokaa ikisimama ghafla mtelemkoni usingojee maelezo. Dereva akiwa ameshika breki, teremsheni watoto kwa upande wa mwamba, mmoja aweke jiwe kubwa nyuma ya gurudumu.

Afadhali mambo haya yamalizikie Mombo. Tafuta uwanja tambarare, fungua madirisha, kata usukani mpaka mwisho, uzunguke polepole, kisha upande wa pili. Ikilia, usipande. Kama mpira umepasuka lakini hakuna mlio, fundi ataweza kufungua, kuosha, kutia grisi mpya na mpira mpya, kwa gharama ndogo kuliko kiungo kizima. Kuna wanaofunga mpasuko kwa kipande cha tyubu. Hicho hakifiki mbali. Na ukinunua shafti iliyotumika, ishike mkononi kwanza, ukipinde kiungo huku na huku: kikikwaruza au kulegea, mrudishie mwenyewe.

Ukishafika Lushoto, penye ubaridi, karoti na kabichi tele, chungulia tena nyuma ya magurudumu ya mbele kabla ya kupakia magunia. Zile kona zote zinakungoja wakati wa kushuka.